Si Lazima Uje, au Usije?

Muhula uliopita mwalimu alitupa sentensi 10 za Kiingereza tuzitafsiri. Ya tano ilikuwa "You must not come." Mimi, niliyezaliwa hapa Uingereza, niliandika haraka haraka: "Si lazima uje." Nilikwenda neno kwa neno: "must" ni lazima, "not" ni si. Karatasi ikarudi na alama nyekundu. Sentensi ile inakataza. Maana yake ni "Usije."

Nikakumbuka jambo la nyumbani. Bibi alipofariki Mombasa, mama alisomesha hitima hapa kwetu. Jirani yetu, Mwingereza mtu mzima, alikuja kutoa pole, akauliza kama naye aje siku hiyo. Mama hakutaka kumsumbua. Moyoni alikusudia "si lazima uje", kinywani kikamtoka "You must not come." Jirani akaitikia kwa kichwa, akaenda zake. Tangu hapo salamu zikapungua. Nilikuwa na miaka 12. Nilisikia, nikaona haya, nikanyamaza.

Tatizo liko wapi? Kiswahili huonyesha maana kwa mahali pa ukanushi. Tukikanusha "lazima", tunaondoa ulazima: "Si lazima uje." Tukikanusha kitenzi kinachofuata, tunakataza: "Lazima usije." Vivyo hivyo, "huwezi kuja" si sawa na "unaweza usije".

Kiingereza hakiihamishi "not" namna hiyo. Hukaa baada ya kitenzi kisaidizi: "must not", "should not", "cannot". Ukitaka maana nyingine, unabadilisha kitenzi chenyewe. "Must not" hukataza. Kuondoa ulazima unahitaji "do not have to" au "need not". Kinachotuponza ni kwamba katika hali yakinishi "You must come" na "You have to come" zote ni "lazima uje". Zikikanushwa tu, zinaachana. "May not" nayo ina sura mbili: "You may not enter" ni marufuku, lakini "It may not rain" ni "huenda mvua isinyeshe".

Basi, wanachama wenzangu, kabla hatujatafsiri tujiulize swali moja: kinachokanushwa ni ulazima, au ni tendo?

Miaka yote hiyo nilikuwa nikimsahihisha mama Kiingereza chake mbele za watu. Kumbe kosa lake ndilo langu; yeye alitoka Kiswahilini, mimi nilitoka Kiingerezani, tukajikwaa kwenye jiwe moja. Likizo nilimweleza. Alikaa kimya, kisha akasema, "Yaani nilimfukuza mtu msibani?"

Jumamosi alikaanga mahamri, tukaenda kubisha hodi kwa jirani. Mama alizungumza Kiswahili, nami nikatafsiri polepole, kila neno na mahali pake. Jirani alisikiliza mpaka mwisho, akapokea sahani. Tulipokuwa tukiaga, mama akaniambia, "Mwambie, lazima aje kwetu."

Alikuja Jumapili.