Alama ya Mkoko Haihitaji Majani

Swali ambalo huletwa kwangu kila mara na vijana wanaotengeneza michezo ya mikakati ya simu na kompyuta, na hasa wale waliochagua delta ya Rufiji kuwa uwanja wa mchezo wao, ambamo mchezaji hushika kijiji kama Ruaruke na kugombea boriti, mpunga, kamba, asali, korosho na mkaa na vijiji jirani, ni hili: tuichoreje alama ya mkoko hata ifanane na mkoko wenyewe? Nimelijibu kwa upole mara nyingi, na upole huo haukufaa kitu, maana kila jibu lilizaa mchoro mpya wenye majani mengi kuliko ule uliotangulia. Leo nalijibu kwa uwazi. Swali lenyewe limekosewa. Alama katika ramani hupimwa kwa namna inavyohitilafiana na alama zilizo jirani yake, na mchoraji asiyejiuliza itachanganywa na nini kabla ya kushika kalamu atataabika bure, hata akiwa na mkono hodari namna gani.

Tazameni delta yenyewe. Mto Rufiji, ambao hukusanya maji ya eneo lipatalo sehemu moja ya tano ya Tanzania bara, huingia baharini kwa midomo mingi, Simba Uranga na Kikunya ikiwa miongoni mwake, na kati ya midomo hiyo imesimama misitu ya mikoko yenye hektari zaidi ya 50,000, ambayo huhesabiwa kuwa pande kubwa kupita yote katika pwani ya Afrika ya Mashariki. Ndani yake mna jinsi zipatazo nane za miti, na mwenyeji wa huko hawezi kuzichanganya: mkoko na msinzi hutoa boriti, ambazo majahazi yalizichukua kwa karne nyingi hadi Arabuni na Ghuba, na ambazo urefu wake ndio uliopima upana wa vyumba vya nyumba za mawe za Unguja na Lamu, gome la mkandaa hutia ngozi rangi, mkomafi na msikundazi hutafutwa na waunda vyombo, mchu na mlilana nayo ina kazi zake. Sasa kijana huyachukua maarifa yote haya, akachora mti wenye shina, matawi, majani na kivuli cha jua la alasiri, mchoro mzuri wa kutundikwa ukutani, kisha akaupunguza hata ukawa na upana wa milimita 4 au 5, nafasi ambayo kioo cha simu ya kawaida huweza kuipa alama moja bila kuifunika ramani. Kinachobaki ni donge la kijani. Donge hilo laweza kuwa mkoko, laweza kuwa mkorosho, laweza kuwa mwembe wa uani, na mchezaji aliyeahidiwa boriti hupeleka watu wake kwenye shamba la korosho.

Sababu yake ni dhahiri kwa kila aliyewahi kupunguza picha. Kompyuta inapoipunguza huchukua nukta nyingi zilizo jirani na kuzifanya nukta moja yenye rangi ya wastani, hivyo jani lililong'aa na kivuli kilicho chini yake huungana na kuwa rangi moja isiyo hii wala ile. Vitu vyembamba hufa kwanza, na mstari wa nje wa umbo hufa mwisho. Maadamu hali ni hiyo, chochote unachokitegemea ili mtu aitambue alama yako hakina budi kukaa katika mstari wa nje, na taji la majani, ambalo katika mikoko yote ni karibu moja, halikusaidii kwa lolote. Kinachoupambanua mkoko ni mizizi yake, ile inayoshuka kutoka shinani kwa matao na kuingia topeni. Chora matao matatu juu ya mstari wa maji, na umemaliza. Kinachoupambanua mchu ni vile vijizizi vingi vinavyochomoza wima kutoka katika tope kuuzunguka mti. Mstari mmoja wa chini na vijiti vitano juu yake vyatosha. Mkomafi una tunda kubwa la mviringo lenye mifuo ya kuligawa; chora tunda, uuache mti msituni.

Hapo ndipo huletewa ile hoja ambayo nimeisikia hata imenichosha: kwamba watu wa vijijini hawakusoma, na asiyesoma hufahamu picha halisi tu, kwa hiyo alama ikishindwa kufahamika dawa yake ni kuizidishia uhalisi. Wako wanaokwenda mbali zaidi, wakapiga picha ya mti kwa kamera, wakaikata, wakaibandika katika ramani, wakidai kuwa sasa hakuna awezaye kukosea. Dawa hii ni ya uongo, na fauka ya uongo wake ina dharau ndani yake, maana humdhania mtu wa Ruaruke, ambaye husoma kupwa na kujaa kwa maji, nyayo matopeni na hali ya mawingu, kuwa hawezi kuelewa kwamba kitu kimoja husimama badala ya kingine.

Ushahidi wa kinyume chake uko wazi. Tangu Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na ile ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007, vijiji vingi vya Tanzania vimechora ramani za rasilimali zao, na aghalabu kazi huanza juu ya mchanga kabla ya kufika kwenye karatasi: mzee huburura fimbo, mchirizi ukawa mto, mama huweka majani mawili matatu, yakawa msitu, jiwe likawa shule, majivu yakawa njia. Watu hubishana kwa saa nyingi mpaka ulipo na shamba ni la nani, wala hakuna asimamaye kulalamika kwamba jiwe halifanani na shule. Wameafikiana juu ya maana, kila kitu kimehitilafiana na mwenzake, na hayo mawili yametosha.

Ajuaye bao la Kiswahili ana hoja bora zaidi. Ubao una mashimo 32 na kete 64, kete zote ni sawa, na mashimo yote ni ya mviringo isipokuwa moja kwa kila mchezaji, lile liitwalo nyumba, ambalo fundi hulichonga la pembe nne. Mchezo huu ni wa mikakati, wa kale, wenye hesabu nzito, na mahali penye mali nyingi pametiwa alama. Fundi hakuipa nyumba hiyo paa, wala mlango, wala mtu aliyekaa barazani. Alikata pembe nne katikati ya miviringo, na mtoto anayejifunza bao kwa mara ya kwanza haikosi nyumba yake. Kama uhalisi ungalikuwa sharti la kufahamika, bao lisingalichezeka.

Nendeni kwenye siasa pia, ambako alama ikichanganywa mtu hupoteza kiti. Katika uchaguzi wa wabunge wa mwaka 1965, wa kwanza chini ya mfumo wa chama kimoja, wagombea wawili walioshindana katika jimbo walitambulishwa kwa jembe na nyumba, ili wasiojua kusoma wapate kuchagua. Jembe ni refu lenye kichwa upande mmoja, nyumba ni pana yenye kilele katikati. Vikitiwa weusi mtupu havipotezi kitu. Kenya, katika kura ya maoni ya mwaka 2005, ilitumia ndizi kwa walioikubali rasimu ya katiba na chungwa kwa walioikataa, tunda refu lililopinda na tunda la mviringo, na chungwa hilo likashika nyoyo hata chama cha siasa kikachukua jina lake. Je, wapiga kura wangalifahamu zaidi kama vinyweleo vya ganda la chungwa vingechorwa kimoja kimoja?

Wataalamu wa Ulaya waliifikia kaida hiyo hiyo kwa njia yao. Otto Neurath, aliyeanzisha makumbusho ya jamii na uchumi mjini Vienna mwaka 1925, alimwajiri mchoraji Gerd Arntz, naye alizichonga alama zake kwa kisu katika lino, na kisu hakiruhusu ukungu wala kivuli laini: kitu ama kimekatwa ama hakikukatwa. Mkewe Neurath, Marie, alipoitumikia serikali ya Nigeria ya Magharibi katika miaka ya 1950, aliona kuwa picha zilizotumika Ulaya hazikuwafaa watu wa huko, akabadili mavazi, nyumba na vyombo viwe vya kwao, ilhali mtindo bapa wa alama aliuacha kama ulivyo. Hapo pana funzo ambalo vijana wangu hulipindua. Wao huchagua kitu cha kigeni, mathalani lile shuke la ngano linaloonekana katika kila mchezo wa Marekani kuwa ishara ya chakula, kisha wakalichora kwa uhalisi mwingi na kuliita mpunga. Afadhali wangechagua kitu cha mahali na kukichora kwa mistari michache. Mpunga ukiwa shuke ni nyasi tu kwa jicho lililo mbali. Lakini mpunga wa Rufiji una dungu, kile kibanda kilichoinuliwa juu ya miti mirefu ambamo mkulima hukaa kulinda shamba wakati wa ndege, nguruwe na mafuriko. Paa dogo juu ya miguu mirefu: hakuna alama nyingine katika ramani ya delta itakayofanana na hiyo.

Na tuseme juu ya magunia, kwa sababu huko ndiko makosa yanakozidi. Mchoraji aliyeshindwa kuchora korosho huchora gunia la korosho. Aliyeshindwa kuchora mkaa huchora gunia la mkaa. Mpunga nao hutiwa guniani. Na ramani yote ikawa ghala. Ikiwa gunia moja halina budi kubaki, basi libaki la mkaa, kwa kuwa kila apitaye barabara ya Kibiti analifahamu kwa lile kuba la lumbesa lililopanda juu ya mdomo wake, nalo kuba limo katika mstari wa nje. Korosho ichorwe yenyewe, figo ndogo inayoning'inia chini ya bibo. Asali ina mtego wake: mzinga wa asili ni gogo lililotobolewa ndani, na gogo hilo likichorwa limelala huwa sawasawa na gogo la mninga lililokatwa kwa mbao, hata mchezaji akapeleka msumeno kwenye nyuki. Utundike mzinga kwa kamba mbili chini ya tawi, na gogo la mbao lionyeshe uso wake wa mviringo wenye pete. Kamba wa baharini akikunjwa sana huwa mundu; mnyooshe kidogo, na sharubu zake ndefu zitoke nje ya mwili.

Kuhusu rangi nitasema machache, ijapokuwa wengi huikimbilia kwanza. Mfaransa Jacques Bertin, katika kitabu chake cha mwaka 1967 juu ya elimu ya ishara za michoro, alieleza kuwa umbo ni dhaifu panapotakiwa jicho likusanye kwa mtupo mmoja vitu vyote vya aina moja, na kazi hiyo hufanywa vyema na rangi, ukubwa na uzito wa weusi. Basi rangi ipewe kazi yake, yaani kukusanya jamaa: vya msituni rangi moja, vya shambani rangi moja, vya majini rangi moja. Kumtambua mmoja ndani ya jamaa ni kazi ya umbo. Mwaka 2010 Kenya, katika kura nyingine ya katiba, iliacha matunda ikatumia kijani kwa ndiyo na nyekundu kwa hapana, na hizo ndizo rangi mbili ambazo mwenye upungufu wa kuona rangi hushindwa kuzitenga; miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya ya kaskazini watu wa namna hiyo ni wapatao 8 katika kila 100, na kwetu nao wapo. Zaidi ya hayo, delta yenyewe ni kijani juu ya kijani, na alama ya kijani juu yake imezama.

Yaliyobaki ni ya kutenda, nayo nayasema mbio. Chora kwanza kwa weusi juu ya karatasi nyeupe, au kata umbo kwa mkasi katika karatasi nyeusi; lisilotambulika hapo halitaokolewa na rangi. Chora katika ukubwa litakaotumika, usichore kubwa ukapunguza. Mstari usiwe mwembamba kuliko sehemu moja ya nane ya upana wa alama. Zungushia kila alama ukingo mweupe ili isimame juu ya msitu na juu ya maji. Jamaa zipewe fremu zao, mviringo kwa msitu, mraba kwa shamba, pembe tatu kwa maji. Wingi uonyeshwe kwa kurudia alama, boriti moja, mbili, tatu, kama Neurath alivyoagiza, wala usiikuze boriti moja, maana jicho halipimi ukubwa kwa uaminifu. Rasilimali iliyokwisha iwe mstari mtupu usiojazwa. Alama isiuzibe mkono wa mto, kwa kuwa mchezaji atapita huko na mtumbwi wake. Toka nje saa sita mchana na simu ya bei ndogo, inyooshe kwa urefu wa mkono, utazame. Kisha wape watu ambao hawajauona mchezo, waulize hiki ni nini, na usiwatajie jina. Nyamaza, uandike kila jibu la kosa, maana hilo ndilo litakalokuonyesha alama ipi inaigonga ipi. Na ikiwa baada ya kuchora tena na tena msinzi na mkandaa bado huchanganywa, viunganishwe chini ya alama moja ya miti ya kujengea, na jina la kila mmoja liandikwe kwa herufi, lijitokeze mchezaji anapoigusa.