Kongo: Programu ya takwimu za afya ni ya bure, lakini nani anaandika mwongozo wake?

Kila mwezi, vituo vya afya vya Beni, Bukavu, Uvira na Bunia hujaza fomu ya ripoti, ile ambayo wauguzi huiita kanevasi, na kuituma kwenye ofisi kuu ya zoni ya afya. Hapo namba huingizwa kwenye kompyuta: wagonjwa wa malaria, watoto waliochanjwa surua, akina mama waliojifungulia kituoni. Programu inayopokea namba hizo inaitwa DHIS2. Ndiyo inayotumiwa na mfumo wa kitaifa wa habari za afya, SNIS, na serikali hailipi hata franga moja ya leseni.

DHIS2 ni programu huria. Maana yake, mtu yeyote anaweza kuichukua, kuitumia, kuifungua aone ilivyotengenezwa, na hata kuibadilisha. Sifa hiyo inajulikana. Kisichotajwa sana ni kazi iliyo nyuma yake: kuandika mwongozo, kuusahihisha kila programu inapobadilika, na kulinda tovuti unakosomwa. Kazi hiyo ikizorota, namba zinazofika Kinshasa zinaweza kudanganya bila mtu yeyote kukusudia uongo.

Sifuri inayopotea

Mfano mmoja unatosha kuonyesha uzito wa jambo hili. Muuguzi anaandika sifuri kwenye mstari wa surua, kwa sababu mwezi huo hakuona mgonjwa hata mmoja. Kwa takwimu za jumla za namna hii, DHIS2 kwa kawaida haihifadhi sifuri. Mtaalamu aliyetengeneza fomu kwenye mfumo lazima aamue, kwa kila kipengele, kwamba sifuri zake zihifadhiwe. Asipofanya hivyo, kituo kilichosema "hakuna mgonjwa" na kituo ambacho hakikusema lolote vinaonekana sawa.

Katika majimbo ambako surua, kipindupindu na Ebola vimekwisha kuua watu wengi, tofauti kati ya "hakuna mgonjwa" na "hakuna habari" si ndogo. Habari ya kwanza inatuliza. Ya pili inapaswa kumfanya mganga mkuu wa zoni apige simu, au atume mtu kwa pikipiki.

Mfano wa pili ni kitufe cha kukamilisha. Mtu anaweza kuingiza namba zote za kituo kisha akafunga kompyuta bila kubonyeza kitufe hicho. Namba zimo, lakini katika hesabu ya ripoti zilizofika, kituo hicho kinahesabiwa kuwa hakijaleta ripoti. Zoni inaonekana mvivu kumbe imefanya kazi.

Mambo hayo yote mawili yameelezwa katika mwongozo. Ni sentensi chache tu, ndani ya maelfu ya sentensi. Lazima mtu aziandike kwa lugha inayoeleweka, mwingine azitafsiri, na mwingine ahakikishe bado ni za kweli.

Kutoka Afrika Kusini hadi Oslo

Mradi huu ulizaliwa Afrika Kusini katika miaka ya 1990, baada ya utawala wa ubaguzi wa rangi kuanguka. Nchi ilikuwa na mifumo mingi ya afya iliyotenganishwa kwa rangi, na ilihitaji takwimu za pamoja. Watafiti wa huko walishirikiana na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, ambacho mpaka leo ndicho kinachoongoza utengenezaji wa programu. Toleo la pili, linalofanya kazi kupitia intaneti, lilianza kutengenezwa mwaka 2004. Mwaka 2011 Kenya iliisambaza nchi nzima kwa njia ya mtandao, na nchi nyingi za Afrika zikafuata.

Mwongozo wake uko kwenye tovuti docs.dhis2.org. Umegawanywa kulingana na msomaji: anayetumia programu kila siku, anayeitengeneza ifae nchi yake, anayetunza seva, na anayeandika programu nyingine za kuunganishwa nayo. Maandishi yenyewe ni mafaili mepesi yanayohifadhiwa GitHub, ghala ambako watengenezaji wa programu huweka kazi zao. Mashine huyachukua na kuyageuza kurasa za tovuti.

Msomaji akiona kosa, anaweza kufungua ukurasa ule kwenye GitHub, kurekebisha sentensi na kutuma pendekezo lake. Wasimamizi hulisoma, hulikubali au hulirudisha kwa maelezo. Hakuna anayeulizwa diploma. Kinachotakiwa ni akaunti, intaneti na kujua jambo unalosahihisha.

Ugumu mkubwa ni matoleo. Toleo jipya likitoka, vitufe huhama, majina hubadilika, programu ndogo mbili huunganishwa kuwa moja. Lakini nchi haihami siku hiyohiyo. Kwa hiyo watunzaji wanapaswa kuweka mwongozo wa toleo jipya na kulinda ule wa matoleo ya nyuma. Anayefungua tovuti bila kuchagua namba ya toleo lake anaweza kutafuta kitufe ambacho hakipo kwenye kompyuta yake.

Ugumu wa pili ni lugha. Mwongozo huandikwa kwanza kwa Kiingereza, kisha hutafsiriwa, Kifaransa kikiwemo. Sentensi ya Kiingereza ikibadilishwa, tafsiri yake inapaswa kupitiwa upya. Kwa mfanyakazi wa zoni aliyesoma kwa Kifaransa na anayefanya kazi kwa Kiswahili, kila sehemu iliyobaki kwa Kiingereza ni mlango uliofungwa.

Kazi isiyo na sifa

Tatizo hili si la DHIS2 peke yake. Mwaka 2017 GitHub iliwauliza watu wapatao 5500 wanaohusika na programu huria. Asilimia 93 walisema miongozo isiyokamilika au iliyopitwa na wakati ni tatizo lililoenea. Lakini asilimia 60 walikiri kwamba wao wenyewe huandika mwongozo mara chache au hawaandiki kabisa.

Hata miradi mikubwa hutikisika. Agosti 2020, shirika la Mozilla la Marekani lilifuta kazi za watu wapatao 250, wakiwemo wengi wa waandishi wa MDN, mwongozo unaotegemewa na watengenezaji wa tovuti duniani kote. Ilibidi makampuni kadhaa, zikiwemo Google na Microsoft, yachangie kuanzisha mwaka 2021 kikundi kipya cha kulipa waandishi. Mwongozo ulisomwa bure na mamilioni ya watu, lakini kuuandika kuligharimu mishahara.

Kongo inaweza kuchangia nini?

Makosa ya mwongozo huonwa kwanza na yule anayeutumia: anayeingiza takwimu akiwa na rezo inayokatika na mega za kununua mwenyewe. Yeye ndiye anayejua ukurasa upi ni mzito kufunguka, neno lipi la Kifaransa halieleweki, hatua ipi imerukwa. Kwa nchi zinazozungumza Kifaransa kuna pia timu ya kikanda ya mradi huu, yenye makao Lomé, Togo.

Kabla ya kufika huko, kuna hatua zisizohitaji intaneti ya kila siku. Zoni inaweza kupakua kurasa za toleo lake mara moja na kuzihifadhi kwenye kompyuta ya ofisi. Inaweza kuchapa ukurasa mmoja kwa Kiswahili kuhusu sifuri na kitufe cha kukamilisha, ikaubandika ukutani, na kuandika juu yake namba ya toleo na tarehe. Bila tarehe hiyo, karatasi itaendelea kufundisha vitufe vya zamani hata baada ya programu kubadilishwa.