Kubadili Kazi Ukiwa na Miaka Thelathini na Zaidi: Ujasiri Unatoka Wapi?



Katika mikutano yetu hapa Makenke, na hata tunapowatembelea wenzetu wa Nakivale, swali moja limekuwa likirudi kila mara. Mtu ana miaka thelathini na tatu au thelathini na nane. Ana watoto. Kazi aliyoizoea imemchosha, au imemfukuza, au ameikimbia pamoja na nchi yake. Anauliza: je, nianze kazi nyingine sasa, au nimeshachelewa?

Wazee hujibu upesi: usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii ni ya kweli, lakini wengi huisoma nusu. Inatuonya juu ya msala upitao, yaani mkeka wa mgeni ambaye kesho ataondoka nao. Haisemi kwamba mbachao ukishatoboka tuendelee kulala juu ya udongo. Basi kazi ya mtu mwenye akili ni kupima mambo mawili: mkeka wake wa zamani bado unafaa? Na ule mpya ni wa kukaa au ni wa kupita?

Tutoe mfano. Mwenzetu mmoja alipakia magunia katika ghala moja la mjini Mbarara kwa miaka kumi na mmoja. Alipofika miaka thelathini na sita mgongo ulianza kumkataa. Hakuacha kazi siku hiyo. Kila Jumapili, kwa miezi kumi na minne, alikwenda kwa fundi wa kuchomelea vyuma, akashika vifaa, akafagia, akajifunza kutengeneza madirisha na milango. Wenzake walimcheka kwamba mzee amekuwa mwanafunzi. Alituambia kwamba kicheko kile kilimuuma kuliko mgongo. Lakini alipotoka ghalani alikuwa na wateja watatu tayari. Miezi ya kwanza alipata pungufu ya ule mshahara wa zamani, na nyanya za mkewe ndizo zilizolisha nyumba. Leo anasimama kwa miguu yake.

Mwingine alipenda pikipiki. Aliacha kazi kwa hasira asubuhi moja, akachukua pikipiki kwa mkopo, bila kuhesabu mafuta, matengenezo, wala siku za ugonjwa. Mwezi wa tano pikipiki ikachukuliwa. Huyu hakukosa ujasiri. Alikuwa nao kuliko yule wa kwanza. Alichokosa ni hesabu.

Hapo ndipo tunapotaka kufika. Ujasiri si kutoogopa. Hofu ya mwenye watoto ni hofu ya haki, wala si aibu. Ujasiri hukua mtu anapojua atakula nini mwezi wa kwanza, wa pili na wa tatu, na nani atasimama naye.

Jambo hili si geni Uganda. Kati ya mwaka 1992 na 1995 serikali iliwapunguza jeshini askari zaidi ya 30,000. Wengi walikuwa bado vijana au watu wazima wenye nguvu, na ilibidi waanze maisha mengine. Walipewa msaada wa kuanzia, lakini msaada huisha. Aliyekuwa na shamba, ufundi na ndugu wa kumpokea alikuwa na pa kushika. Sisi tunaoishi karibu na kambi ya jeshi ya Makenke tunapaswa kulikumbuka somo hilo.

Kwa wenzetu wa Nakivale jambo ni zito zaidi. Mwalimu au muuguzi aliyetoka Kongo hakuchagua kubadili kazi. Vita ndivyo vilivyomchagulia. Chakula cha msaada nacho si cha kutegemea: tangu mwaka 2023 kimegawiwa kwa makundi kufuatana na uhitaji, na mwaka 2025 watu wengi waliondolewa kabisa katika orodha. Lakini mkimbizi ajue haki yake. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi anayetambuliwa kuajiriwa, kulima, kufanya biashara na kazi za mikono, na hata kushika taaluma yake ikiwa vyeti vyake vimekubaliwa nchini. Vyeti vya sekondari hupelekwa UNEB kulinganishwa, na vya elimu ya juu hupelekwa NCHE. Kwa hiyo asitupe karatasi zake ati kwa sababu ni za Kifaransa. Kulima mahindi leo si kuapa kwamba hutafundisha tena.

Sasa tueleze mambo ya kufanya kabla ya kuondoka.

Kwanza, toa notisi. Kwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2006, aliyefanya kazi mwaka mmoja hadi mitano hutoa mwezi mmoja; mitano hadi kumi, miezi miwili; kumi na zaidi, miezi mitatu. Mwajiri naye anadaiwa muda huo huo anapokuachisha. Na kibarua ajue kwamba, kwa kanuni za mwaka 2011, akifanya kazi miezi minne mfululizo anastahili mkataba wa maandishi.

Pili, omba cheti cha utumishi. Ni haki yako, si hisani. Yule mwenzetu wa ghalani alinyimwa mara mbili. Katibu wa tawi alipoandika barua, kikatoka.

Tatu, usijenge mpango wako juu ya fedha za NSSF. Wewe hukatwa asilimia 5 na mwajiri huongeza 10, na fedha hizo ni zako. Lakini sheria ya mwaka 2022 inamruhusu kuchukua sehemu mapema, hadi asilimia 20, mwanachama aliyefikisha miaka 45 na aliyeweka akiba miaka kumi. Wa miaka thelathini na tano hayumo. Hakikisha tu kwamba michango yako ilipelekwa kweli.

Nne, weka akiba ya chakula cha miezi mitatu, kidogo kidogo, katika kikundi unachokiamini. Haba na haba hujaza kibaba.

Tano, zungumza nyumbani. Mke au mume asiyeshirikishwa katika mpango hawezi kuubeba utakapolemea.

Mwisho, usidhani kwamba ukibadili kazi umeaga chama. Katiba ya mwaka 1995 inampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama cha wafanyakazi. Chama cha wafanyakazi wa usafirishaji, ATGWU, kimewapokea hata wapanda boda boda, watu wasio na mwajiri wa kuwalipa mshahara.

Ndugu yetu mwenye miaka thelathini na saba, mikono yako imejifunza mengi kuliko unavyodhani: kuamka mapema, kupima mzigo, kumtambua mwongo. Hayo huhama nawe. Njoo tawini kabla hujaandika barua ya kuacha kazi, tukae na kalamu tuhesabu pamoja.

Umoja ni nguvu.