Kuyapima Maji ya Mto Thames

Mto Thames hupita katikati ya London, mji mkuu wa Uingereza, kisha hutanuka na kuingia baharini. Bahari ijaapo, maji ya chumvi hupanda mtoni kuelekea mjini, ipwapo, hurudi. Kwa hiyo taka itupwayo mjini haiendi zake mara moja, bali huenda na kurudi siku nyingi.

Mwezi wa Julai 1855, mtaalamu Michael Faraday alisafiri mtoni kwa merikebu ya moshi. Alichana kadi nyeupe vipande vipande, akavilowesha ili vizame upesi, akavitupa majini kila merikebu ilipofika gatini. Jua lilikuwa kali, lakini kabla havijashuka inchi moja vilikuwa vimekwisha potea machoni. Mwaka 1957 watu wa jumba la makumbusho la viumbe walisema kwamba mto umekufa, kwani taka iozayo hula oksijeni ambayo samaki huivuta majini. Baadaye maji machafu ya mji yakasafishwa vizuri zaidi, na mwaka 1974 akaonekana samoni, samaki asiyestahimili maji mabaya.

Kipimo cha Faraday kilikuwa chepesi, tena cha akili, lakini kilipima uchafu, si sumu. Maji yaweza kuwa maangavu kama kioo, nayo yakaua. Wataalamu huweza kutafuta kila sumu kwa jina lake, kama vile risasi, zebaki au shaba. Lakini sumu ni nyingi mno, na mbili zilizo haba huweza kudhuru zikikutana. Kwa sababu hiyo huwauliza viumbe wenyewe.

Mayai ya chaza yaliyoanza kuumbika hutiwa katika maji ya mlango wa mto, na mengine katika maji safi ya bahari. Baada ya saa 24 huangaliwa kwa hadubini. Mtoto wa chaza aliye mzima huwa amekwisha ota kombe lenye umbo la herufi D. Aliyepatwa na sumu hulemaa au hufa. Ndipo huhesabiwa wazima wa pande zote mbili. Pasipo wale wa maji safi hesabu haina maana, maana mayai mengine huharibika yenyewe.

Jambo moja huwasumbua wapimaji: chaza hufa pia kwa kukosa chumvi. Hivyo maji ya mto hutiwa chumvi kwanza, na ayatekaye huandika mahali, saa, na kama bahari ilikuwa ikijaa au ikipwa.