Mzazi, unamjua mwalimu wa mwanao?

Mwanza. Januari ikikaribia, maswali ya wazazi wa Ilemela hufanana. Kuanzia Kirumba hadi Buswelu, anayemtafutia mtoto nafasi ya awali au darasa la kwanza huuliza ada ni shilingi ngapi na inalipwa kwa awamu ngapi, gari la shule linapita wapi, na darasa la saba waliomaliza walifaulu vipi. Anayempeleka shule ya Serikali huuliza sare, madaftari na mchango wa uji.

Ni wachache wanaouliza kuhusu mtu atakayeshinda na mtoto huyo siku tano za wiki. Mwalimu ni nani? Alisomea wapi? Yeye mwenyewe alifundishwaje alipokuwa na miaka sita? Na mtoto akikosea mbele yake, anaamini afanyiwe nini?

Katika shule kubwa yenye mikondo mingi, kumfahamu kila mwalimu ni kazi. Shule ndogo haina kisingizio hicho. Walimu wake ni wachache, mzazi anawakuta getini asubuhi, anapanda nao daladala, ananunua nao dagaa genge moja. Bado watu wanaweza kuishi hivyo miaka saba wakijuana kwa salamu tu.

Kanda ya Ziwa ina mfano wake wa kale. Mwaka 1934 mtoto wa miaka kama 12 kutoka Butiama, aliyekuwa akizungumza Kizanaki nyumbani, alipelekwa Shule ya Mwisenge, Musoma. Mmoja wa waliomfundisha pale ni James Irenge, ambaye jina lake limebaki kwenye historia kwa sababu ya mwanafunzi huyo, Julius Nyerere. Naye Nyerere akaja kuwa mwalimu: alisomea ualimu Makerere, akafundisha St. Mary's ya Tabora, kisha St. Francis ya Pugu hadi alipoacha kazi mwaka 1955 kwa ajili ya siasa. Mwaka 1967 alipoandika Elimu ya Kujitegemea, alikuwa anazungumza mtu aliyeshika chaki. Alilalamikia shule inayomtenga mtoto na wazazi wake na kumfanya aone kilimo ni kazi ya walioshindwa. Alitaka mtoto mwenye akili ya kudadisi.

Huo ndio msimamo wa mwalimu kuhusu kazi yake, na kila mwalimu anao, hata asiyewahi kuuandika popote. Unatoka mahali alipopita.

Wamekuja kwa njia tofauti

Mwaka mwalimu alioanza kazi unaeleza mengi. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, nchi iliamua kila mtoto aende shule ya msingi. Walimu hawakutosha, hivyo vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa wakawa wanafundisha huku wakijifunza ualimu. Hao ndio walimu wa UPE. Wengi wameshastaafu, lakini ndio waliowafundisha wazazi na mabibi wa watoto wa leo.

Mwaka 2002 ulipoanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ada ilikuwa imefutwa na madarasa yakafurika. Mafunzo ya ualimu yakafupishwa ili wapatikane wengi kwa haraka. Miaka michache baadaye, sekondari za kata zilipojengwa kwa kasi, waliomaliza kidato cha sita walipewa mafunzo ya kama mwezi mmoja na kuingizwa darasani. Wananchi waliwaita Vodafasta, jina la vocha ya simu. Lilikuwa jina la dhihaka, na wengi wa vijana wale walilibeba kimya kimya huku wakijiendeleza kwa fedha zao hadi wakapata stashahada na shahada.

Siku hizi wako waliotoka vyuo vya ualimu kama Butimba, upande wa pili wa jiji, na waliomaliza vyuo vikuu wakakaa mtaani miaka kadhaa wakisubiri ajira. Baadhi yao ndio wanaofundisha shule binafsi za mitaa ya Nyasaka, Kiseke na Nyamhongolo kwa mishahara midogo, huku wakifuatilia matangazo ya Sekretarieti ya Ajira. Mzazi anayelalamika kwamba mwalimu wa darasa amebadilika mara mbili kwa mwaka, sababu mara nyingi ni hiyo.

Cheti peke yake hakitoshi kumpima mtu. Wako walimu wa UPE waliojua kumfundisha mtoto kusoma kuliko wenye shahada waliowafuata. Jambo la kuangalia ni lile ambalo karibu kila mwalimu analibeba bila kujua: hufundisha kama alivyofundishwa. Aliyejifunza hesabu kwa kuchapwa, akafaulu, huamini fimbo ndiyo iliyomfaulisha. Hawakumbuki wenzake walioacha shule kwa sababu ya fimbo hiyohiyo, kwa kuwa hawakuwepo siku ya kuhitimu.

Fimbo nne

Hapa ndipo suala linapogeuka kuwa la afya. Agosti 2018 mwanafunzi wa darasa la tano mjini Bukoba alifariki dunia baada ya kuchapwa shuleni kwa tuhuma za wizi. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ilimtia hatiani mwalimu kwa mauaji.

Kanuni za mwaka 2002 haziruhusu kila mwalimu kutembea na fimbo. Anayeruhusiwa kuchapa ni mwalimu mkuu, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Viboko visizidi vinne. Mtoto wa kike achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa shule haina. Kila adhabu iandikwe kwenye daftari: jina, kosa, idadi ya viboko na aliyechapa. Mzazi yeyote ana haki ya kuuliza daftari hilo liko wapi. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001 na Uganda mwaka 2016. Tanzania Bara bado inaviruhusu kwa masharti hayo, na ukweli ni kwamba masharti yenyewe hayajulikani kwa wazazi wengi.

Je, mwalimu anaweza kubadilika? Utafiti wa Afrika Mashariki unasema ndiyo, ila si kwa hotuba. Wilayani Luwero, Uganda, shirika la Raising Voices lilifanya kazi na shule za msingi katika jaribio lililohusisha shule 42. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba uwezekano wa mwanafunzi kusema amepigwa na mwalimu katika wiki iliyopita ulipungua kwa asilimia 42 katika shule zilizopata mpango huo. Kazi ile ilichukua takriban mwaka mmoja na nusu, ikiwahusisha walimu, wanafunzi na wazazi.

Hapa Tanzania, watafiti akiwemo Mabula Nkuba wamejaribu mafunzo ya siku tano na nusu kwa walimu wa sekondari za umma. Sehemu yake moja huwataka walimu wakumbuke adhabu walizopewa wao wakiwa wadogo: walijisikiaje, walijifunza nini. Ndipo wanafundishwa njia nyingine za kusimamia darasa. Matokeo ya mwaka 2018 yalionyesha ukatili ulipungua katika shule zilizopata mafunzo.

Lakini katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, jaribio lingine ambalo kituo cha utafiti cha MITU cha jijini Mwanza kilishiriki kulifanya, lililowakutanisha walimu kwa wiki kumi wakiongozana wenyewe kwa wenyewe, halikuonyesha upungufu wa maana. Kukaa na kusimuliana peke yake, basi, hakutoshi. Darasa lenye watoto zaidi ya mia moja na mwalimu mmoja linahitaji zaidi ya nia njema, na ni vigumu kumlaumu mwalimu kwa jambo ambalo hata mzazi mwenye watoto wanne nyumbani linamshinda.

Mwalimu anayeona

Kwa shule za ufukweni kama za Igombe, Kayenze na Sangabuye, msimamo wa mwalimu unaonekana pia kwenye namna anavyomtazama mtoto anayesinzia. Mwalimu mmoja huona uvivu. Mwingine hujiuliza: mtoto huyu anachota maji ziwani, anaoga huko na kusaidia kuvuta nyavu, tumbo linamuuma mara kwa mara, je, si kichocho?

Kichocho cha utumbo kimeota mizizi katika mwambao wa Ziwa Victoria. Humchosha mtoto na kumpunguzia damu, na kikiachwa miaka mingi huharibu ini. Dawa yake, praziquantel, hutolewa shuleni wakati wa kampeni, na mara nyingi wanaoigawa ni walimu wenyewe, wakimpima mtoto urefu kwa kijiti chenye alama ili kujua idadi ya vidonge. Mtoto ale kwanza, maana tumbo likiwa tupu dawa humletea kichefuchefu. Mwalimu aliyeelewa hilo hutuma ujumbe kwa wazazi siku moja kabla. Asiyeelewa huwagawia watoto wenye njaa, kesho yake mtaa mzima unasema dawa ni sumu.

Vivyo hivyo kwa mtoto mwenye ualbino. Kanda hii ilipata jina baya kutokana na mauaji ya miaka ya 2000, watoto wengi wakakimbiziwa shule za bweni kama Mitindo ya Misungwi na Buhangija ya Shinyanga. Anayesoma shule ya kawaida mtaani anahitaji mambo madogo: kofia, shati la mikono mirefu, kukaa mbele bila mwanga wa dirisha kumpiga usoni, na ruhusa ya kusogelea ubao. Uoni hafifu si ujinga. Mwalimu anayelijua hilo humwokolea mtoto mwaka mzima.

Lugha nayo ni kipimo. Mtoto anayetoka nyumba ya Kisukuma, Kijita au Kikerewe anaweza kukaa kimya wiki za mwanzo, kwa sababu Kiswahili cha darasani bado hakijamkaa. Akiwa shule ya Kiingereza, mzigo ni wa lugha mbili. Mwalimu aliyetoka Mbeya au Moshi, ambaye hajui neno la Kisukuma, anaweza kumwandika kwenye ripoti kwamba ni mzito kuelewa.

Kuuliza bila kumkosea adabu

Wazazi wengi hunyamaza kwa heshima. Bibi anayemlea mjukuu humwita kijana wa miaka 26 "mwalimu" kwa unyenyekevu uleule aliomwita nao mwalimu wake wa UPE, na heshima hiyo ni njema. Haizuii kuuliza. Baada ya salamu na pole ya kazi, mtu anaweza kumwambia tu kwamba angependa amfahamu kidogo, kwa kuwa wanalea mtoto mmoja. Walimu wengi hufurahi. Ni nadra mtu kuwauliza kitu kisichohusu mchango au matokeo.

Kisha mzazi aeleze ya upande wake. Peter Tabichi, mwalimu wa sayansi wa shule ndogo ya Keriko, Nakuru, Kenya, aliyeshinda tuzo ya mwalimu bora duniani mwaka 2019, alizoea kuwatembelea wanafunzi majumbani. Yeye mwenyewe ni mtoto wa mwalimu na alifiwa na mama akiwa na miaka 11. Ambaye mwalimu wake hawezi kumtembelea anaweza kumpelekea habari: mtoto amefiwa, analala kwa shangazi, haoni vizuri usiku, anaogopa kelele.

Macho nayo yafanye kazi. Dakika tano mlangoni mwa darasa la awali zinatosha kuona kama mtoto aliyejibu vibaya anachekwa au anapewa nafasi ya pili, na kama fimbo iko mezani.

Kwa upande wao, walimu wana mahali pa kusemezana. Kupitia MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, hukutana shuleni kwao katika jumuiya ya kujifunza kujadili somo lililowashinda. Mzazi anaweza kumuuliza mwalimu mkuu jumuiya hiyo hukutana lini na inajadili nini.

Kikao cha wazazi kikiitwa baada ya shule kufunguliwa, ajenda huwa ni chakula, madawati na mitihani, na "mengineyo" huja mwisho watu wakiwa wameshasimama. Mwenyekiti wa kamati ya shule anaweza kuombwa mapema aingize mambo mawili mwanzoni: kila mwalimu ajitambulishe kwa dakika mbili, na mwalimu mkuu aeleze utaratibu wa adhabu, daftari likiwa mkononi.