Anwani ya Hukumu na Namna ya Kuisoma

Huko Kasenyi, kando ya Ziwa George wilayani Kasese, mama aliyeolewa kimila akitaka kuachana na mumewe huenda akasikia kauli iliyo nzito kuliko talaka yenyewe: "Kwanza mbuzi wetu warudi." Kwa Wakonzo mahari huhesabiwa kwa mbuzi, na mara nyingi wazazi wa binti hawanao tena.

Jawabu lipo, nalo ni fupi: [2015] UGSC 13. Hiyo ndiyo anwani ya hukumu iliyotolewa na Mahakama ya Juu ya Uganda tarehe 6 Agosti 2015, katika rufani ya shirika la Mifumi dhidi ya Mwanasheria Mkuu. Mahakama haikuyaharamisha mahari. Ilisema kwamba kudai yarudishwe ndipo ndoa ya kimila ivunjwe ni kinyume cha Katiba.

Msomaji asitishwe na herufi hizo. Mwaka umo ndani ya mabano ya mraba. UG ni Uganda. SC ni mahakama yenyewe. 13 ni nambari ya hukumu katika orodha ya mwaka ule. Hapakutajwa kitabu wala ukurasa. Mwenye simu huitafuta katika ULII, maktaba ya sheria za Uganda iliyo kwenye intaneti, akaisoma bila malipo. Uingereza ilianza utaratibu wa namna hii mwaka 2001. Mahakama ya Juu ya Kenya hutambulishwa kwa KESC, na Mahakama ya Rufani ya Tanzania kwa TZCA.

Zamani ilibidi kuwa na kitabu. Kesi mashuhuri ya Matovu huandikwa [1966] EA 514, yaani ukurasa wa 514 katika kitabu cha hukumu za Afrika Mashariki cha mwaka 1966. Mtindo huo ni wa Kiingereza: mabano ya mraba huonyesha kwamba kitabu hutafutwa kwa mwaka wake, na ya mviringo hutumika pale vitabu vilipo na nambari zao wenyewe. Wamarekani huanza na nambari ya kitabu na kuuweka mwaka mwishoni. Kesi ya Brown, iliyopiga marufuku ubaguzi wa rangi katika shule za serikali, ni 347 U.S. 483 (1954). Hata kiherufi v kati ya majina hakisomwi namna moja: Mwingereza, katika kesi ya madai, husema "na", kana kwamba wagomvi wamekuja pamoja kunywa chai.

Mama anayekwenda kwa hakimu na aiandike anwani nzima, pamoja na mwaka na mabano yake. Akisema "kesi ya Mifumi" tu, karani anaweza kumtolea hukumu ya mwaka 2010 ya Mahakama ya Katiba, na hiyo ndiyo iliyowakatalia Mifumi maombi yao.