Umri wa Mnazi Uko Shinani

Mwanangu, anayetaka kujua umri wa msonobari wa nchi za baridi hutazama kisiki chake. Mti ule hunenepa wakati wa joto na kusimama wakati wa baridi, na kila mwaka ukiisha hubaki duara moja ndani ya ubao. Andrew Ellicott Douglass, mtaalamu wa nyota wa Marekani, alizihesabu duara hizo kwenye miti hai, kisha kwenye boriti za nyumba za kale, na kufikia mwaka 1929 aliweza kutaja ni mwaka gani nyumba za mawe za jangwa la kusini magharibi mwa nchi yake zilijengwa.

Mnazi hausomeki hivyo. Ukikatwa, huoni duara hata moja, ni nyuzi tu zilizotawanyika. Mnazi una nasaba na mahindi na mianzi, na shina lake likishajengeka halinenepi tena mwaka hadi mwaka. Hesabu yake imewekwa nje, kwenye gome, na kuisoma hakuhitaji shoka.

Pitisha kiganja chako shinani. Ile mikunjo unayoigusa ni makovu, na kila kovu ni mahali palipokuwa na kuti. Mnazi mrefu wa pwani yetu, ukiwa na afya, hutoa makuti 12 hadi 14 kwa mwaka; tuseme moja kila mwezi. Kuti hukaa kileleni kama miaka miwili na nusu kabla ya kuanguka, ndiyo maana kilele kilichostawi huwa na makuti yapatayo 30.

Kwapani mwa kila kuti hutoka karara. Likipasuka, upunga huchanua, kisha huja vidaka, vitale, madafu, makoroma, na kwenye mwezi wa 12 hivi, nazi zilizokomaa. Kwa kuwa makarara hufuatana mwezi baada ya mwezi, mnazi mmoja hubeba rika zote hizo kwa pamoja. Mkwezi anayeangua madafu ya miezi 7 anajua kwamba nazi za kukuna ziko kwenye kole la chini zaidi, kwenye kuti lililotangulia kwa miezi mitano hivi.

Sasa tupige hesabu. Chukua mnazi wenye makovu 360 na makuti 30 kileleni. Jumla ni 390. Gawanya kwa 13, unapata miaka 30. Lakini usiishie hapo, kwa maana mche wa mnazi hutumia miaka yake ya mwanzo kupanua kitako chini ardhini kabla shina halijaonekana, na makovu ya utotoni hayahesabiki. Ongeza miaka 4 au 5. Mnazi wetu una umri wa miaka 35 hivi. Nasema “hivi” kwa sababu mnazi wenye kiu au ulio kwenye udongo hafifu hutoa makuti machache kwa mwaka, na ukigawanya kwa 13 utaupunguzia umri wake.

Ninachokipenda kuliko vyote ni kiuno. Utaona mnazi mnene chini, mwembamba katikati, halafu mnene tena juu. Pale palipobana, mnazi ulipita kwenye shida: ukame, au shamba lililoachwa likamezwa na magugu. Mvua zikirudi, shina jipya hutoka nene, lakini kile kiuno hakizibiki kamwe. Hesabu makovu kutoka kuti la chini kabisa mpaka pale palipobana. Yakiwa 130, makuti ya pale yalianguka miaka 10 iliyopita. Ongeza ile miaka miwili na nusu yaliyokaa kileleni, nawe umeifikia miaka ya dhiki. Muulize bibi au babu aliyekuwepo shambani wakati huo, atakwambia kilichotokea.

Shida nyingine haiachi kiuno, ila hujitokeza kwenye mavuno. Chembe ya karara huanza kujijenga ndani ya kilele zaidi ya miaka miwili kabla karara halijapasuka. Kwa hiyo mkulima anayeona makole yana nazi chache, ilhali mvua za mwaka huu zimenyesha vizuri, azikumbuke mvua za mwaka juzi na za mwaka ulioutangulia.